Nimechoka, na Bado Naambiwa Nishukuru

Swali: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto 3, wa mwisho ana miezi 5. Tunaishi Morogoro. Mume wangu ni dereva wa lori, anakwenda mpaka Lubumbashi, hivyo nyumbani anakaa siku chache tu kila mwezi. Nina genge la mboga mbele ya nyumba. Siku moja kwenye jumuiya nilisema nimechoka mpaka siwezi kusali. Mama mmoja akanijibu, "Imeandikwa shukuruni kwa kila jambo. Kuna wanaolilia watoto na hawapati." Tangu siku hiyo nimenyamaza. Jumapili bahasha za shukrani zinaposomwa, huyu amemaliza nyumba, yule amenunua gari, mimi natamani kujificha. Binti yangu mkubwa wa miaka 11 naye amekuwa mtu wa kununa, kila chakula ana neno. Je, namkosea Mungu kwa kuchoka? Na nitamfundishaje mtoto shukrani ambayo mimi mwenyewe sina?

Jibu: Amina, dada yangu. Hapana, humkosei Mungu kwa kuchoka. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu mama mwenye mtoto wa miezi 5 husoma kwa vipande, mkono mmoja una simu na mwingine una mtoto, na huenda usifike mwisho leo.

Mtu anayeamka usiku kunyonyesha, akapokea mboga alfajiri, akawaandaa watoto wa shule, akashinda gengeni, kisha akalala bila mwenzake kwa wiki kadhaa, amechoka kwa sababu amefanya kazi. Yohana anaandika wazi kwamba Yesu alichoka kwa safari, akaketi kisimani pale Sikari wakati wanafunzi wameenda mjini kununua chakula. Uchovu ule haukuhitaji toba. Wako nao hauhitaji.

Sasa tuufungue mstari wenyewe, maana ndio uliokufunga mdomo. Ni 1 Wathesalonike 5:18. Paulo aliandika barua hiyo yapata mwaka 50, akiwa Korintho, kwa kanisa changa lililokuwa linateswa na watu wa mji wake na lililokuwa limekwisha kuzika wapendwa. Mwisho wa sura ya 4 ni faraja kwa wafiwa. Katika sura ya 2 anawakumbusha jinsi alivyoishi nao kwa upole, kama mlezi atunzavyo watoto wake mwenyewe. Na ukirudi nyuma mistari michache tu, kwenye mstari wa 14, utakuta kanisa hilohilo limeagizwa litie moyo walio dhaifu, litie nguvu wanyonge, livumilie na watu wote. Maagizo haya yamo katika orodha moja, na la wanyonge limetangulia. Aliyekusomea mstari wa 18 alikuwa na deni kwako la mstari wa 14. Simlaumu mama yule. Huenda naye aliwahi kujibiwa hivyo siku aliyohitaji kuambiwa pole, akadhani ndivyo Wakristo wanavyofarijiana.

Tena Paulo mwenyewe hakujilazimisha. Barua zake nyingi zinaanza kwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya wale anaowaandikia. Wafilipi aliwaambia, "Namshukuru Mungu wangu kila niwakumbukapo." Lakini fungua Wagalatia. Akimaliza salamu anaingia moja kwa moja kwenye lililomuumiza: "Nastaajabu kwa kuwa mnamwacha upesi hivi yeye aliyewaita." Shukrani kwa ajili yao haipo. Na Kanisa liliipokea barua ile kama ilivyo, likaiweka ndani ya Maandiko, wala hakuna aliyeongeza shukrani mwanzoni ili isomeke vizuri.

Kuhusu yale maneno kwamba kuna wanaolilia watoto na hawapati, hapo nitasema kwa uzito zaidi. Katika mifano yote ya Bwana Yesu, kuna sala moja ya shukrani iliyoandikwa neno kwa neno, na Bwana aliikataa. Ni ile ya Farisayo hekaluni, Luka 18: "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Shukrani inayosimama juu ya upungufu wa jirani imejengwa mahali pabaya. Siku jirani akipata, wewe utabaki na nini cha kushukuru? Halafu fikiria kwamba katika kikao kilekile huenda alikuwepo dada aliyeolewa miaka mingi bila kupata mtoto, akasikia uchungu wake ukitumika kumnyamazishia mwenzake. Maneno yale yaliumiza watu wawili kwa mara moja.

Nataka wiki hii ukae na Ana, mama yake Samweli, ambaye hapo mwanzo hakuwa na mtoto. Soma 1 Samweli sura ya 1 na ya 2 polepole, hata mistari mitatu kwa siku inatosha. Kila mwaka familia yake ilipanda kwenda Shilo kutoa dhabihu. Ilikuwa siku ya furaha, siku ya nyama, na mumewe Elkana alimpa fungu kubwa kuliko wengine kwa sababu alimpenda. Ndiyo siku hiyohiyo mke mwenzake Penina alipomchokoza mpaka akalia na kushindwa kula. Ona pale maumivu yalipomkamata: mezani pa shukrani, mbele ya watu wanaosherehekea. Wewe unatamani kujificha bahasha zinaposomwa, na Ana alikaa na sahani mbele yake hawezi kumeza. Hamjakutana, lakini mnajuana.

Elkana akajaribu kumtuliza. "Je! Mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?" Ni maneno ya mume anayependa na ambaye hajasikia. Kuhani Eli alikuwa mbali zaidi. Alimwona Ana anasali, midomo inacheza na sauti haitoki, akadhani amelewa, akamwambia aiache divai. Basi mtu wa Mungu, aliyekaa hekaluni siku zote, alikosea kabisa kuhusu hali ya mwanamke aliyesimama mbele yake. Jibu la Ana ni moja ya sentensi ninazozipenda kuliko zote katika Agano la Kale: "Hasha, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni mwangu." Hakukubali kuitwa alivyoitwa, wala hakujifanya mzima. Alisema amemimina roho yake mbele za Bwana. Eli akabadilika, akambariki, na Ana akaenda zake akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Wakati huo mimba haikuwepo. Kilichokuwepo ni kwamba amesema na amesikiwa.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo mimbarini tunairuka, nayo ni yako hasa. Samweli alipozaliwa, safari ya kila mwaka ilifika tena, na Ana hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba hatapanda mpaka mtoto aachishwe ziwa. Elkana akajibu, afanye aonavyo vyema. Mwanamke yule, ambaye Maandiko yanamsifu kwa maombi, alikaa nyumbani ananyonyesha huku wenzake wakienda kwenye sikukuu, na hakuna mstari unaomkemea. Wimbo wake mkuu, ule wa sura ya 2, unaoanza kwa moyo kumfurahia Bwana, aliuimba baadaye, mtoto alipokwisha kuachishwa na kupelekwa Shilo. Kwa mama wa nyakati zile hiyo ni miaka, si wiki. Kwa hiyo kama sasa umekosa jumuiya mara kadhaa kwa sababu mtoto hakulala, au ukifungua Biblia unasinzia, wewe uko katika kipindi cha kunyonyesha cha Ana. Wimbo una wakati wake.

Nikiwa bado kwa Ana, kuna jambo lazima nikuulize. Eli alidhani amekutana na ulevi kumbe ni huzuni. Siku hizi sisi wachungaji na wazee wa kanisa tunaweza kukosea vivyo hivyo, tukadhani tumekutana na imani haba kumbe ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na mara nyingi ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Sikufahamu kiasi cha kusema unayo. Ila jiulize: je, huzuni au utupu umekaa kwa zaidi ya wiki mbili, karibu kila siku? Mtoto akilala, wewe unashindwa kulala? Vitu ulivyovipenda vimepoteza ladha? Unajiona huna thamani kwa watoto wako? Kama majibu mengi ni ndiyo, siku unayompeleka mtoto kliniki kupima uzito mwambie muuguzi habari zako wewe, na umwambie kwa maneno haya ya wazi. Na kama umewahi kupata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali leo, ukiwa na mtu. Kushukuru hakutibu sonona, kama ambavyo hakutibu malaria, na Mungu aliyewapa watu elimu ya tiba hataona umemkosea ukiitumia.

Wewe ni Mlutheri, nadhani, kwa jinsi ulivyoeleza bahasha na jumuiya, kwa hiyo nitakupeleka nyumbani kwa Martin Luther. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile tuliyokariri sote kwenye kipaimara, anaeleza kwamba Mungu Baba ametupa mwili na roho, macho na masikio, mavazi na viatu, chakula na kinywaji, nyumba na shamba, mwenzi na watoto, na kwamba kwa haya yote inatupasa kumshukuru na kumsifu. Viatu vimetajwa! Ndiyo maana naipenda katekisimo ile, inajua maisha ya nyumbani. Miaka 13 baadaye, Septemba 1542, binti yake Magdalena aliugua akafa pale Wittenberg, naye ana umri wa miaka 13. Siku tatu baada ya kifo, Luther alimwandikia rafiki yake Justus Jonas. Alisema kwamba yeye na mkewe Katharina walipaswa kushukuru kwa furaha, kwa kuwa mtoto ameondokana na taabu za dunia, lakini upendo wa mzazi una nguvu kiasi kwamba hawawezi kufanya hivyo bila kulia na kuugua moyoni. Mtu aliyeandika "inatupasa kushukuru" alikiri kwa maandishi kwamba wakati ule hakuweza kufanya hivyo bila machozi. Kisha akamwomba Jonas jambo ambalo ningependa ulibebe: amshukuru Mungu kwa niaba yao.

Kwa niaba yao. Hapo ndipo ninapoona sisi tumepotea njia kidogo. Tumeifanya shukrani kuwa mtihani wa mtu mmoja mmoja, kila mama na bahasha yake. Katika Biblia shukrani ni kazi ya nyumba nzima na ya kanisa zima, na aliyeishiwa nguvu hubebwa na wengine mpaka apate zake.

Angalia sheria ya sadaka ya shukrani, Mambo ya Walawi 7. Aliyetoa mnyama kwa ajili ya shukrani aliagizwa nyama yote iliwe siku ileile, hata kipande kisibaki mpaka asubuhi. Ng'ombe mzima kwa siku moja! Hakuna familia inayoweza hilo peke yake. Ukiitii sheria ile, lazima uite majirani, uite ndugu, uite na wale wasio na cha kutoa. Kwa hiyo mwenye furaha alilazimika kumlisha asiye na furaha. Sisi Walutheri wa Tanzania tuna mabaki mazuri ya jambo hili katika sikukuu ya mavuno. Ibada ikiisha, kuku, ndizi, mahindi na mayai vinapigwa mnada pale nje, na mara nyingi nimeona mtu mwenye uwezo akinunua sufuria la mchele kwa bei kubwa kisha akamkabidhi bibi kizee aliyesimama pembeni. Hapo sheria ya Walawi inatimia machoni pangu. Bahasha inayosomwa ikaishia kwenye kusomwa imekosa kitu hicho. Natamani viongozi wa sharika wanaosoma haya wafikirie: familia iliyomaliza nyumba ikishukuru, ialike mezani kwake wiki hiyo nyumba moja ambayo mambo bado ni magumu.

Na bahasha yako wewe iandikweje? Soma Kumbukumbu la Torati 26. Mwisraeli aliyeleta kikapu cha malimbuko mbele ya madhabahu hakuambiwa aseme tu "asante kwa mavuno." Alipewa maneno ya kusema, na maneno hayo yanaanza kwa baba yake aliyekuwa karibu na kupotea, yanapita Misri, yanataja kutendwa uovu, kuteswa, kutwikwa kazi ngumu, kulia, kusikiwa, ndipo yanafika kwenye matunda yaliyo kikapuni. Taabu imo ndani ya shukrani, imeandikwa na Mungu mwenyewe katika maneno ya ibada. Basi hakuna sababu ya kungoja gari. Unaweza kuandika: "Namshukuru Mungu, mume wangu amefika salama kutoka safari, mtoto ananyonya vizuri, na mimi nimechoka sana, naomba mniombee." Hiyo ni sadaka ya shukrani kamili. Shilingi zilizomo ndani zisikusumbue.

Wengine watakuambia kwamba ushuhuda wa namna hiyo ni dhaifu, haumpi Mungu utukufu. Wanasahau tulikotoka. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, Kenya na kwetu, watu wa uamsho walijulikana kwa kutembea nuruni: walisimama mbele ya wenzao wakasema walivyo, walichokosana na mke, walichomkwaza jirani, walivyokauka rohoni. Utamaduni wetu wa kutoa ushuhuda umetokana kwa sehemu kubwa na watu hao. Ulikuwa utamaduni wa kusema kweli. Kuufanya uwe wa kutangaza ushindi tu ni jambo la juzijuzi, na kwa maoni yangu limewafanya akina mama wengi wakae kimya kama wewe.

Tuje kwa binti yako. Umeandika kuwa ni mkubwa, ana miaka 11, baba yuko barabarani na mama ana mtoto mchanga na genge. Nina hakika, bila kuambiwa, kwamba huyo mtoto anabeba mdogo wake mgongoni, anachota maji, anakaa gengeni unapoingia ndani kunyonyesha, na kazi za shule zinamsubiri usiku. Kabla hatujamfundisha kushukuru, nani anamshukuru yeye? Mtoto hujifunza shukrani kwa kushukuriwa. Leo jioni mwite kwa jina, mwambie jambo moja alilofanya na lilivyokusaidia: "Ulipombeba mdogo wako mchana, nilipata kula nikiwa nimekaa. Asante mwanangu." Usiongeze na "lakini" yoyote nyuma yake. Fanya hivyo siku nyingi mfululizo kabla hujatazamia badiliko la uso.

Akikosoa mchicha, usimwambie kuna watoto wanaolala njaa. Umeshaona maneno ya namna hiyo yalivyokufanya wewe. Mtoto akiyasikia hujifunza kuona aibu, na aibu hununa zaidi. Mwonyeshe chakula kilikotoka. Una bahati kubwa hapo, maana mboga nyingi za Morogoro zinashuka kutoka Mgeta na Nyandira, juu milimani Uluguru, zimelimwa kwenye miteremko mikali na watu walioamka kabla yako. Yule mama anayekuletea matenga alfajiri, binti anamjua jina? Siku ya Jumamosi amka naye, amsalimie, amuulize shamba liko wapi na mvua zikoje. Katika katekisimo, Luther alipoulizwa mkate wetu wa kila siku ni nini, alijaza humo hali ya hewa njema, amani, afya, marafiki wema na majirani waaminifu. Mtoto aliyemwona mama wa Mgeta kwa macho ataelewa orodha hiyo vizuri kuliko atakayeikariri darasani.

Mezani sali Zaburi 145:15, sala ambayo Luther aliwawekea watu wa nyumbani waitumie kabla ya chakula: "Macho ya watu wote yakuelekea Wewe, nawe huwapa chakula chao kwa wakati wake." Kisha kila mmoja aseme jambo moja jema la siku hiyo, na anayetaka aseme jambo lililomuuma. Wewe anza, na liwe dogo na la kweli. Akisema hana jambo jema, usimvute. Mwachie "sina" yake, endeleeni kula. Siku ambayo nyumba nzima imevurugika, someni Zaburi ya 13, ni fupi, mistari 6 tu, na inamuuliza Mungu "hata lini" mara 4 kabla ya kufika kwenye kuimba. Binti wa miaka 11 anahitaji kujua kwamba kununa kunaweza kugeuzwa kuwa sala.

Kama unapenda kuandika, mara moja kwa wiki inatosha. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki, kwa wiki 10, mambo hadi 5 wanayoyashukuru, na kundi jingine likaandika kero. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi na waliitazamia wiki inayofuata kwa matumaini zaidi. Daftari la mikopo ya genge linafaa kabisa, ukurasa wa nyuma, Jumapili jioni, wewe na binti pamoja. Ukikosa wiki, imepita.

Mume wako nitamgusa kwa ufupi, kwa kuwa hukulalamika juu yake. Elkana alikosa kusikia kwa sababu aliuliza maswali ya kujitetea. Usingoje mwenzako akiwa Tunduma kwenye foleni ya malori aotee kwamba umefika mwisho. Mwambie kwa simu, akiwa amesimamisha gari na amekula, ombi moja linalotekelezeka: akirudi, usiku wa kwanza apumzike, wa pili amshike mtoto wewe ulale. Na umshukuru kwa safari, kwa sababu barabara ile ni ngumu na nina hakika naye hujiuliza nani anauona uchovu wake.

Imebaki jumuiya. Usirudi kwa yule mama kubishana naye mistari. Chagua dada mmoja unayemwamini, mwende pamoja kwa mwenyekiti wa jumuiya au mzee wa kanisa, umweleze kama ulivyonieleza mimi, na uombe vitu viwili vilivyo wazi. Cha kwanza, akina mama wawili wapokezane kukaa na mtoto na genge kila Jumamosi mchana mpaka afike umri wa kuanza uji, wewe ulale na binti akacheze. Cha pili, kwenye maombi ya jumuiya watakaposhukuru, wamshukuru Mungu na kwa niaba yako, wakitaja jina lako na la kila mtoto, mpaka siku utakayosema mwenyewe kwamba sasa naweza.